UZI: Aina za saratani ya titi kwa kusoma jeni: Luminali, HER2, Basali, na pale majina haya yanapopotosha

#1 Darubini (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kwenye uzi mwingine humu watu wamebishana kurasa na kurasa: mmoja anasema saratani ya titi ina aina nne, mwingine tano, wa tatu akaja na kumi. Kila mmoja alikuwa na hoja yake, ndiyo maana ubishi haukuisha. Naandika hapa kwa kirefu. Kazi yangu ni darubini na vipande vya uvimbe, kwa hiyo nitaelemea upande huo. Wenye takwimu mtanirekebisha.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 2000. Charles Perou na wenzake, wakiwa na maabara za Patrick Brown na David Botstein pale Stanford na kundi la Anne-Lise Børresen-Dale la Norwei, walichukua sampuli 65 za matiti kutoka kwa watu 42 wakapima jeni 8,102 kwa mpigo. Jeni ikiwa kazini hutoa nakala za mRNA, na wingi wa nakala hizo ndio unaopimwa. Enzi hizo walitumia maikroarei: kioo chenye maelfu ya vidoa vya DNA, kila kidoa kinanasa mRNA ya jeni moja, na mng'ao wake unaeleza jeni hiyo ina shughuli kiasi gani ndani ya uvimbe.

Ninachokipenda zaidi ni namna walivyochagua jeni za kutazama. Wagonjwa ishirini walikuwa na sampuli mbilimbili, moja kabla ya dawa ya doksorubisini na nyingine baada ya dawa. Wakajiuliza: jeni zipi hazibadiliki sana kati ya sampuli mbili za mgonjwa mmoja, lakini zinapishana sana kati ya mgonjwa na mgonjwa? Wakapata 496. Hizo ndizo zinazobeba sura ya uvimbe wenyewe. Kompyuta ikaachiwa ipange sampuli kwa kufanana tu, bila kuambiwa nani anaendelea vizuri na nani hapana. Sampuli mbili za mtu mmoja mara nyingi ziliangukia pamoja, ingawa kati yake kulikuwa na wiki kadhaa za dawa kali. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kila uvimbe una tabia yake na haiachi kirahisi.

Mwaka 2001 Therese Sørlie na wenzake wakaongeza sampuli, wakaligawa kundi la Luminali (uvimbe wenye sura ya seli za tabaka la ndani la mrija wa maziwa) na kuonyesha kwamba makundi haya hayaishi sawa: wengine wanakaa miaka mingi bila ugonjwa kurudi, wengine unarudi mapema. Kwa ufupi yako hivi.

Luminali A: jeni za homoni zimewaka (ESR1, PGR, FOXA1, BCL2), jeni za seli kujigawa zimetulia. Kwa wastani ndilo kundi lenye mwelekeo mzuri kuliko mengine.

Luminali B: ESR1 bado ipo, ila PGR mara nyingi imeshuka, na jeni za kujigawa kama MKI67, CCNB1, BIRC5 na MYBL2 ziko juu. Mimi siioni kama nchi nyingine. Ni barabara moja na A, na mahali pa kuweka mpaka ni uamuzi wa watu.

HER2: kipande cha kromosomu ya 17 kimejirudiarudia, na ERBB2 (ndiyo jeni ya HER2) imepanda pamoja na jirani yake GRB7. Jirani huyo ndiye anayekuambia kwamba ni eneo zima lililonakiliwa.

Basali: homoni zimezimwa, keratini 5, 14 na 17 ziko juu, FOXC1 iko juu, kujigawa kuko juu sana. Jeni ya TP53 imeharibika kwa takriban asilimia 80 ya uvimbe wa kundi hili kwenye takwimu za 2012 za TCGA (mradi mkubwa wa Marekani wa kusoma jeni za saratani). Kwa Luminali A ilikuwa 12 tu. Jina linatokana na tabaka la nje la mrija wa maziwa, kwa sababu keratini hizo ni za kule. Msidhani lazima saratani hii inaanzia kule. Kwa wenye jeni ya BRCA1 iliyoharibika, ushahidi mwingi unaelekeza kwenye seli changa za tabaka la ndani. Jina lilitangulia maarifa, sasa tumekwama nalo.

Halafu kuna "linalofanana na titi la kawaida". Kwa hili niseme wazi: mara nyingi siliamini. Ukiona sampuli imeangukia hapa, kwanza rudi kwenye kioo uangalie kama kipande kilikuwa na saratani ya kutosha au kilijaa mafuta na tishu nzima.

Mwaka 2009 Joel Parker na wenzake wakapunguza orodha hadi jeni 50, kipimo tunachokiita PAM50. Kila kundi lina kielelezo chake, yaani kiwango kinachotarajiwa kwa kila jeni kati ya hizo 50. Sampuli mpya inalinganishwa na vielelezo vyote vitano, inapewa jina la kile inachofanana nacho zaidi. Zingatieni neno "zaidi". Hata isipofanana vizuri na chochote, jina itapata.

Na sasa chanzo cha ugomvi wa ule uzi mwingine. Karatasi ya majibu anayopewa mgonjwa kwa kawaida haina haya. Ina ER (kipokezi cha homoni ya estrojeni), PR (kipokezi cha projesteroni), HER2, pengine Ki-67 (inayoonyesha kasi ya seli kujigawa), na hizo ni protini zilizopakwa rangi kwenye kioo. Kutoka hapo watu wanakisia: ER chanya na Ki-67 ndogo, basi Luminali A, ER, PR na HER2 zote hasi ("hasi tatu"), basi Basali. Ni makisio mazuri kwa kazi ya kila siku, lakini yanabaki makisio. Kwenye TCGA, karibu nusu tu ya uvimbe uliokuwa HER2 chanya kwa vipimo vya hospitali ndio ulioangukia kundi la HER2 kwa kusoma mRNA. Uliobaki wengi ulikuwa Luminali. Hasi tatu nyingi ni Basali, lakini si zote, na kuna Basali chache zisizo hasi tatu.

Karibuni.

#2 Kinyozi_Mstaafu

Darasa zuri mkuu, nimevuta kiti. Swali la mtu asiyesoma sayansi: kama ni jeni, basi ni ugonjwa wa ukoo? Maana hapo umetaja jeni hamsini, mtu anaweza kuondoka hapa akidhani watoto wake wamekwisha.

#3 Darubini

Mzee wangu, swali lako lina maana kuliko unavyodhani, watu wanalichanganya kila siku. Kipimo hiki kinasoma jeni za *uvimbe* na namna zinavyofanya kazi leo. Mtoto harithi Luminali B. Kipimo cha ukoo kinachukua damu au mate na kutafuta hitilafu uliyozaliwa nayo, kama ile ya BRCA1 au BRCA2. Wagonjwa wengi wa saratani ya titi hawana hitilafu hiyo.

Vinakutana mahali pamoja tu: mwanamke aliyezaliwa na hitilafu ya BRCA1 akipata saratani ya titi, mara nyingi huwa ya Basali. Kwa hiyo mgonjwa mwenye hasi tatu, hasa akiwa na umri mdogo, huelekezwa apime na ya ukoo. Hivyo ni vipimo viwili tofauti.

#4 Nuru_ya_Jioni

Habari zenu. Nasoma kimyakimya tangu juzi, leo nimeona nijisajili. Majibu ya mama yangu (ana miaka 61): ER 90%, PR 10%, HER2 2+, Ki-67 18%. Uvimbe ni mdogo, tezi za kwapani ziko safi. Nimeingia mtandaoni nimeona "Luminali B" na usingizi umeniruka. Daktari wake anasema tusubiri kipimo kingine cha HER2 kwanza. Naomba mnieleweshe, je tunapoteza muda?

#5 Onko_Zamu

Dada Nuru, pole sana na hongera kwa kumsimamia mama. Mimi ni daktari wa saratani, ila si daktari wa mama, kwa hiyo chukua haya kama maswali ya kwenda nayo kwake.

Hampotezi muda. HER2 2+ maana yake rangi kwenye kioo haikutoa jibu. Kinachofuata, kinaitwa FISH, kinahesabu nakala za jeni yenyewe ndani ya seli. Jibu lake linaweza kubadilisha matibabu yote, kwa sababu HER2 ikiwa chanya kuna dawa zinazoilenga moja kwa moja. Trastuzumabu iliidhinishwa Marekani tangu 1998. Kulinganisha na hilo, swali la A au B ni dogo kwa sasa.

Kuhusu hiyo 18%, naomba usikoseshwe usingizi nayo. Mwaka 2011 wataalamu wa mkutano wa St Gallen waliweka mpaka wa Ki-67 kwenye 14%, 2013 wengi wao wakaelekea 20%. Kwa mpaka wa kwanza mama ni B, kwa mpaka wa pili yuko upande wa A, na uvimbe ni uleule. Kundi la kimataifa linaloshughulikia Ki-67 lilisema 2021 kwamba namba hii inaaminika kuamulia kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) ikiwa 5% kushuka chini au 30% kwenda juu. Katikati hapo maabara mbili zinaweza kusoma kioo kimoja zikatofautiana. Hiyo PR ya 10% ni kweli inaelekea kidogo upande wa B, ila haitoshi kuhukumu.

FISH ikirudi hasi, ndipo swali la vipimo vya jeni linakuja, na ni swali zuri kumuuliza daktari wake: je, tupime kujua kama kemo itamsaidia? Kuna kinachosoma jeni 21 na kutoa alama kutoka 0 hadi 100. Utafiti wa TAILORx, uliotoa majibu 2018, uliwachukua wanawake wenye ER chanya, HER2 hasi na tezi safi. Wale wa alama 11 hadi 25, wanawake 6,711, waligawanywa kwa bahati nasibu: dawa ya homoni peke yake, au homoni pamoja na kemo. Baada ya miaka tisa, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi wala saratani mpya walikuwa 83.3% na 84.3%. Yaani kwa ujumla kemo haikuleta tofauti ya maana. Waliokuwa na miaka 50 kushuka chini wenye alama 16 hadi 25 walipata faida kiasi, lakini mama hayuko kwenye umri huo.

Kama kipimo hakipatikani, daktari anaweza kuamua kwa ukubwa wa uvimbe, daraja lake, tezi, umri na afya ya mama. Madaktari wamefanya hivyo miaka mingi na bado wanafanya.

#6 Nuru_ya_Jioni

Daktari asante sana. Nimeandika kwenye karatasi hayo ya FISH na jeni 21, naenda nayo kliniki.

#7 Hesabu_Kavu

Niingie kama mharibifu wa sherehe.

Wadau, kabla hamjaabudu orodha za jeni, kuna karatasi ya 2011 ya David Venet na wenzake. Walichukua orodha 47 zilizochapishwa, kila moja ikidai inatabiri hatima ya mgonjwa wa saratani ya titi, wakazishindanisha na orodha za jeni zilizookotwa ovyo bila kufikiri. Nyingi hazikuzishinda za kuokota kwa tofauti ya maana. Orodha ya ovyo ikizidi jeni mia moja, zaidi ya asilimia 90 ya orodha hizo "zinatabiri" hatima kwa kipimo cha kawaida cha takwimu. Kisa? Kasi ya seli kujigawa imesambaa kwenye sehemu kubwa ya jeni zote. Ukiokota jeni mia, hukosi zinazofuatana na kasi hiyo. Ukiiondoa kasi kwenye hesabu, uwezo mwingi wa orodha hizi unayeyuka.

Ongeza hili: kipimo cha jeni 70 cha Waholanzi, cha Laura van 't Veer wa 2002, na kile cha jeni 21 alichokitaja daktari, zinashirikiana jeni moja tu. Bado Fan na wenzake walipozipima zote kwenye wagonjwa walewale 295 mwaka 2006, majibu yalikubaliana kwa sehemu kubwa. Orodha tofauti, jibu lilelile. Kwangu mimi hiyo ni dalili kwamba zote zinapima kitu kimoja ambacho mwanapatholojia mzuri anakiona kwa kuhesabu seli zinazojigawa chini ya darubini. Hapo pesa inalipiwa nini?

#8 Darubini

Mkuu Hesabu, ya Venet nakubaliana nayo, na ningependa kila anayeandika karatasi ya "jeni mpya zinazotabiri" aisome kwanza. Ila unachanganya maswali mawili.

Swali la kwanza: nani hali yake itakuwa mbaya? Hapo, hasa ndani ya ER chanya, kasi ya kujigawa inabeba mzigo mkubwa. Sawa.

Swali la pili: uvimbe huu ni wa namna gani? Hapo kasi haitoshi. Basali na kundi la HER2 zote zina kasi kubwa, lakini jeni zilizoharibika ni tofauti, kromosomu zimevunjika tofauti, dawa tofauti. TCGA walipima vitu vingi kwa wakati mmoja: DNA, metili (alama za kikemikali) zilizobandikwa juu yake, RNA ndogo, protini. Basali ilijitokeza tena na tena kama kundi linalojitenga, na kwa hitilafu zake ilifanana zaidi na saratani kali ya ovari kuliko na Luminali iliyokaa kwenye titi lilelile. Jeni za kuokota ovyo hazikupi hilo.

Kuhusu mwanapatholojia mzuri kuhesabu seli: asante kwa heshima, ila mpe kioo kimoja kwa wanapatholojia wawili wazuri halafu uniambie wamehesabu ngapi. Faida kubwa ya kipimo cha RNA ni kwamba ukikirudia kwenye sampuli ileile, namba inarudi karibu palepale.

#9 Onko_Zamu

Na niongezee upande wa wagonjwa, maana "pesa inalipiwa nini" ina jibu. MINDACT, utafiti wa Ulaya wenye wanawake 6,693, ulitazama hasa wale ambao vigezo vya kawaida vilisema hatari ni kubwa lakini jeni 70 zikasema ni ndogo. Kati yao walioachwa bila kemo, 94.7% walifika miaka mitano bila saratani kusambaa mbali. Tofauti na waliopewa kemo ilikuwa takriban asilimia 1.5. Mtu aamue mwenyewe kama hiyo 1.5 inastahili nywele, kichefuchefu na moyo kuchoka. Bila kipimo, swali lenyewe lisingeulizwa, wote wangepewa kemo.

Tahadhari moja: vipimo hivi ni vya ER chanya, HER2 hasi, ugonjwa wa mapema. Usimpeleke mgonjwa wa hasi tatu kulipia jeni 21 au 70. Karibu wote watarudishiwa "hatari kubwa", jambo ambalo ulilijua tayari.

#10 Hesabu_Kavu

Nakubali ya swali la pili. Ya pesa bado nina kinyongo, tuiache.

#11 Zuhura_R

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nafanya uchambuzi wa data za RNA kutoka hazina ya wazi, wagonjwa wote ni hasi tatu. Nimetumia genefu, kifurushi cha kupanga aina za saratani kwenye programu ya takwimu ya R, nikachagua PAM50. Nilitegemea karibu wote wawe Basali, lakini makundi yote matano yamejaa: Luminali A wapo wengi, Luminali B wapo, wa "kawaida" ndio usiseme. Msimamizi wangu kafurahi, anasema tumegundua jambo jipya kuhusu hasi tatu. Mimi sina amani.

#12 Hesabu_Kavu

Marahaba Zuhura. Kukosa amani kwako ndiko kunakostahili shahada. Mwambie msimamizi, kwa adabu, asiandike karatasi bado.

Tatizo liko kwenye hatua inayofanyika kabla ya kulinganisha na vielelezo. Vielelezo vya PAM50 havijui "ESR1 = 8.3". Vinajua "ESR1 iko juu ya katikati" au "chini ya katikati", na katikati hiyo ilikuwa ya kundi la mafunzo lenye uvimbe wa kila aina. Programu inapopokea data yako, inachukua kila jeni na kuisawazisha upya kwa kutumia sampuli ulizoipa wewe. Wewe umeipa hasi tatu tupu. Ni kama kuwapanga wachezaji wa mpira wa kikapu peke yao, ukachora mstari katikati, ukawaita walio chini ya mstari wafupi. Nusu ya wagonjwa wako sasa wana ESR1 "juu", ingawa kiuhalisia wote wako sakafuni. Nusu wana kasi ya kujigawa "ndogo", ingawa wengi wa walio polepole kati yao wanamshinda Luminali A wa kweli. Programu imefanya kazi yake vizuri kabisa kwenye data iliyopindishwa.

Hili si geni. Lara Lusa na wenzake walilionyesha 2007: badilisha uwiano wa ER chanya na hasi kwenye kundi lako, na mgonjwa yuleyule anahama kundi bila chochote kubadilika kwenye uvimbe wake. Hapo ndipo neno "zaidi" alilolisisitiza Darubini linapouma.

Cha kufanya. Njia ninayoipenda: tafuta data iliyopimwa kwa mashine na utaratibu uleule ikiwa na ER chanya wa kutosha, ichanganye na yako ili uwiano ukaribie ule wa mafunzo, sawazisha zote pamoja, halafu chukua majibu ya wako tu. Usichanganye na data ya maabara nyingine kiholela, utapata tofauti za maabara ukaziita saratani. Njia ya pili ni kutumia kipimo kisichotegemea jirani. AIMS ya Paquet na Hallett, 2015, inauliza maswali ya ndani ya sampuli moja: je, jeni hii iko juu ya ile? Haijali wengine uliokuja nao, hata mgonjwa akiwa mmoja peke yake jibu ni lilelile. Fanya zote mbili uone zinakubaliana wapi.

#13 Darubini

Hapo kwa Hesabu sina la kuongeza upande wa namba. Naongeza upande wa nyama.

Zuhura, wale wa "kawaida" walio wengi kwako, sehemu ni tatizo alilolieleza mkuu, lakini usiishie hapo. Tafuta kama data yako ina kipimo cha asilimia ya seli za saratani kwenye kila sampuli. Hasi tatu wanatofautiana sana: mmoja ni bonge la saratani tupu, mwingine limfositi (seli za kinga) zimejaa hadi hujui saratani ilipo. RNA inasagwa yote kwa pamoja na haiulizi imetoka kwenye seli gani.

Brian Lehmann na wenzake walikutana na hili kwa namna ya kufundisha. Mwaka 2011 waligawa hasi tatu 587 katika vikundi sita: viwili vya basali, kimoja cha kinga, viwili vya kimesenkaima (vyenye sura ya seli za tishu unganishi), na kimoja cha Luminali chenye kipokezi cha androjeni (homoni ya kiume), kwa kifupi AR. Watu wakavipokea kwa shangwe. Mwaka 2016 walewale wakarudi, wakatazama sampuli kwa karibu, wakasema kikundi cha kinga na kimojawapo cha kimesenkaima kwa sehemu kubwa vilikuwa vinasoma limfositi na seli za tishu zinazozunguka saratani. Vikabaki vinne. Limfositi zenyewe zina maana kwa mgonjwa, nyingi ni ishara nzuri kwenye hasi tatu, ila zinaeleza hali ya mazingira ya uvimbe na kikundi chake ni jambo jingine.

Kikundi cha androjeni ndicho cha kuangalia kwa makini kwenye data yako. Hao ni hasi tatu ambao kweli wana sura ya Luminali: FOXA1 juu, AR juu. Ukisawazisha sawasawa, baadhi ya "Luminali" wako watabaki, na hao ni wa kweli. Kwa hiyo usiwafute wote kwa hasira.

Jambo jingine la nyama: kama sampuli zimetoka kwenye vibonge vya nta, RNA yake imekatikakatika. Kipande kilichokaa nje muda mrefu kabla ya kuingia formalini (dawa ya kuhifadhi tishu), au kilicholowekwa siku nyingi, kinaharibika zaidi. Miongozo ya Marekani inataka kiingie ndani ya saa moja na kikae saa 6 hadi 72. Iliandikwa kwa ajili ya ER na HER2, lakini RNA nayo inashukuru. Ndiyo sababu kipimo cha PAM50 cha hospitali kilichokubaliwa Marekani 2013 kinahesabu vipande vifupi vya RNA moja kwa moja bila kuvizalisha kwanza.

#14 Kinyozi_Mstaafu

Nimeelewa nusu, na nusu hiyo inanitosha. Ila yule wa "aina kumi" kwenye uzi mwingine alizitoa wapi?

#15 Darubini

METABRIC, mzee. Utafiti wa Uingereza na Kanada, 2012, uvimbe karibu 2,000. Badala ya kusoma utendaji wa jeni peke yake, waliunganisha na nakala za DNA zilizoongezeka au kupotea, wakapata makundi kumi. ER chanya ikagawanyika vipande vingi, vingine vyenye hatari ya ugonjwa kurudi hata baada ya miaka mingi. Kisayansi ni kazi nzuri sana. Kliniki bado wanazungumza ER, PR na HER2, kwa sababu dawa zimeidhinishwa kwa vipimo hivyo. Hata uvimbe ukiwa Luminali kwa PAM50, ukiwa HER2 chanya kwa rangi au FISH mgonjwa anapewa dawa ya HER2.

#16 Zuhura_R

Nimechanganya na wagonjwa wa ER chanya wa mradi uleule kama mlivyoelekeza. Wengi sasa ni Basali, na waliobaki Luminali karibu wote wana AR na FOXA1 juu. AIMS imekubali sehemu kubwa. Ila kuna kitu: programu inasema imepata jeni 47 tu kati ya 50. Nimetafuta CDCA1, KNTC2 na ORC6L kwenye data yangu yote, hazipo. Zilifutwa kwenye uchujaji?

#17 Hesabu_Kavu

Zipo, ila zimebadilishwa majina. Orodha ya 2009 ina majina ya zamani. CDCA1 sasa ni NUF2, KNTC2 ni NDC80, ORC6L ni ORC6. Zote tatu ni za kujigawa, kwa hiyo ukiziacha unapunguza uzito upande huohuo unaotenganisha makundi. Usitafute kwa majina, tumia namba za Entrez (namba za utambulisho wa kila jeni kwenye hazina ya NCBI), zenyewe hazijabadilika. Kisha rudia kusawazisha kuanzia mwanzo, usizibandike tatu juu ya matokeo ya zamani.